Kiwanja kwanza, gari baadaye: kuchagua gari ya rimoti ya resi na kikundi cha kushindana nacho Unguja na Pemba

Pesa nyingi katika resi za gari za rimoti hupotea kabla gari haijagusa ardhi. Mtu ananunua kwanza, kisha ndipo anauliza ataendesha wapi na nani. Gari ya kilomita 60 kwa saa inavushwa kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam, inatolewa boksini, inapelekwa uwanja wa skuli, na dakika kumi baadaye mkono wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umevunjikia ukutani. Spea hakuna kisiwani. Gari inapanda juu ya kabati na haishuki tena.

Fuata mpangilio huu: kiwanja, watu, daraja la gari (yaani kundi la gari za aina moja zinazoshindana pamoja), ndipo gari yenyewe. Ukiugeuza utanunua mara mbili.

Kabla ya yote, tofautisha gari ya kuchezea na gari ya resi. Zote zina rimoti, na mara nyingi ile ya kuchezea ndiyo yenye bodi ya kuvutia zaidi. Jaribu usukani kwa kuuzungusha kidogo tu. Magurudumu yakikata mpaka mwisho kwa mpigo mmoja, hicho ni kitu cha mtoto. Yakifuata kidole chako taratibu, endelea kuuliza. Swali la pili: mkono mmoja wa chini ukivunjika, unauzwa peke yake? Gari ya resi hufunguka yote kwa skrubu, na kila kipande kina namba yake ya spea kwenye kitabu cha maelekezo. Muuzaji asiyeijua namba ya spea hata moja anakuuzia gari ya msimu mmoja.

Achana na gari za injini ya mafuta kwa kuanzia. Zinatumia methanoli iliyochanganywa na nitromethani, mafuta ambayo ni kazi kuyapata na hatari kuyavusha, na kelele yake itakufukuzisha uwanjani wiki ya kwanza. Yote yanayofuata hapa ni gari za umeme.

Pima kiwanja

Uwanja wa kawaida wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15. Ukiacha nafasi ya kona pande zote mbili, njia iliyonyooka inabaki mita 22 hivi. Gari ya kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 kwa sekunde: njia inakwisha kabla hujahesabu mbili, na breki bado hujaigusa. Gari yenye mota ya 540 ya kawaida, lile kopo la rangi ya fedha linalokuja ndani ya boksi nyingi za Tamiya (kampuni ya Japani inayouza gari za kuunga mwenyewe), huenda kilomita 25 hadi 30 kwa saa na kuimaliza njia hiyo hiyo kwa karibu sekunde tatu. Sekunde tatu zinatosha kumkaribia aliye mbele, kuchagua upande na kufunga breki. Kwenye saruji zetu, basi, gari ya polepole ndiyo inayoleta resi. Ile ya haraka inaleta kishindo na kicheko cha watazamaji, basi.

Chukua rula ya skuli upite juu ya nyufa. Gari ya lami, yaani ya kuendeshwa juu ya lami au saruji, huwa imeinuka milimita 5 au 6 tu kutoka chini. Mdomo wa ufa ukizidi milimita 3, gari lazima iinuliwe mpaka milimita 8, na ukizidi sana tafuta uwanja mwengine au hamia kwenye gari za magurudumu makubwa. Fagia sehemu ndogo uone saruji ilivyo. Iliyokwanguliwa kwa fagio ilipomwagwa hushika tairi vizuri lakini huzila haraka. Iliyopigwa niru ikalainika huteleza hasa ikiwa na vumbi.

Ukipanga njia ya upana wa mita 2.5 ndani ya uwanja huo, unapata mzunguko wa mita 70 hivi, ambao gari ya mota ya kawaida inaumaliza kwa sekunde 14 hadi 16. Mbio ya dakika 5 inakuwa mizunguko kama 20. Mipaka weka mipira ya kumwagilia bustani iliyojazwa mchanga na kuzibwa ncha: gari ikiugonga inapunguza mwendo tu. Matofali, vipande vya mbao na mabomba magumu yaliyofungwa imara chini ndiyo yanayovunja mikono ya mbele. Kona za ndani weka alama za chupa za maji zilizokatwa, maana dereva aliye mbali hauoni mpira uliolala chini.

Jukwaa la madereva liwe upande wa magharibi, mgongo kwa jua. Resi zetu ni za jioni, na mtu anayetazama jua la saa kumi na moja haoni gari yake hata ikiwa ya manjano. Meza imara au benchi la urefu wa mita moja linatosha, ila wote wasimame pamoja mahali pamoja.

Viwanja vya wazi vya nyasi na vumbi havifai gari za lami. Huko ni kazi ya magari ya mizigo (gari za rimoti zenye bodi ya pikapu) na bagi (gari nyepesi za vumbi) zenye tairi za meno. Vichochoro vya Mji Mkongwe visahau kabisa. Watu wanapita, mawe hayalingani, na kila baraza ina wazee watakaokuwa na maoni.

Pwani ndipo wengi wanapoponzwa. Maji yakipwa siku za bamvua, ufukwe wa Paje au Jambiani unakuwa mpana na mgumu, na gari kubwa ya matairi ya meno inakwenda kwa raha. Lakini kuambiwa kwamba gari haiingii maji hakuna maana kwamba haili chumvi. Katika gari kama Traxxas Slash, kilichokingwa na maji ni kipokezi cha mawimbi ya rimoti, sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) na kidhibiti mwendo cha mota. Beringi ni chuma, skrubu ni chuma, mota ina kaboni (vijipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na iko wazi. Pwani nenda na gari ya matembezi. Ile ya mashindano iache nyumbani.

Kuna chaguo la nne, nalo linafaa sana miezi ya masika: gari za 1/28 (yaani ndogo mara 28 kuliko gari halisi), kama Kyosho Mini-Z, za kuendeshea ndani. Chumba cha mita 4 kwa 6 kinatosha. Mini-Z za kawaida zinatumia betri nne ndogo za AAA, kwa hiyo betri za kuchaji za AAA na chaja yake ndiyo gharama yote ya umeme. Kwenye marumaru zinateleza. Tandika vile vigodoro vya sponji vya watoto vinavyoungana kama meno ya msumeno, upande wa mkwaruzo ukiwa juu. Unywele mmoja ukijizungusha kwenye ekseli unapunguza mwendo kwa kiasi cha kuonekana, basi piga ufagio kabla.

Watu

Nenda siku moja ya resi bila gari. Kaa, hesabu. Usiangalie nani ana gari kali. Hesabu gari zilizo za aina moja.

Hesabu hii ndiyo inayopambanua kikundi kizuri na mkusanyiko wa watu wenye rimoti. Baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, tuseme kuanzia saa 10:00 hadi saa 12:00, mna dakika 120. Mbio moja ni dakika 5, na dakika 5 nyengine za kutoa gari, kuingiza nyengine na kujipanga. Hizo ni mbio 12 kwa jioni. Wakiwepo watu kumi wenye gari za daraja moja, mnagawanywa makundi mawili ya watanotano: mchujo mara tatu kila kundi, fainali mara tatu kila kundi, jumla 12 kamili. Kila mtu ameendesha mara sita akiwa na wapinzani wanne. Watu hao hao kumi wakiwa na madaraja manne, kila daraja linapata mbio tatu tu, na wapinzani wako ni mmoja au wawili. Gari za madaraja tofauti zikichanganywa kwenye mbio moja, ya haraka itaipanda ya polepole kwenye kona ya kwanza.

Kwa hiyo daraja lenye gari nyingi zaidi hapo ndilo lako, hata kama wewe moyo wako uko kwenye bagi. Spea utaazima hapo hapo, tairi mtaagiza pamoja, na ukishindwa utajua umeshindwa na mikono, si na mota.

Tazama pia nani anainua gari zilizopinduka. Desturi ya mchezo huu duniani kote ni kwamba aliyetoka kuendesha anakwenda kusimama kwenye kona mbio inayofuata. Mahali ambapo dereva anaruka kutoka jukwaani kuifuata gari yake mwenyewe, utaona gari zikikanyagwa, na siku moja mtoto atagongwa kifundo cha mguu. Gari ya kilo moja na nusu kwa mwendo huo inaumiza.

Uhesabuji wa mizunguko ni jambo la tatu. Vilabu vikubwa hufunga transponda (kifaa kidogo kinachotoa ishara) ndani ya kila gari, na waya uliozikwa kwenye mstari unasoma kila inapopita. Vifaa vya MYLAPS ndivyo vilivyoenea. Kikundi cha watu wanane hakihitaji gharama hiyo. Mtu mmoja anatamka, mwengine anaandika, na mtamkaji mmoja asipewe gari zaidi ya tatu. Simu iliyowekwa kwenye kigoda ikirekodi mstari inamaliza ubishi. Kikundi kisichoandika matokeo popote kinafanya mazoezi. Si vibaya, lakini usikinunulie tairi za mashindano.

Uliza sheria zilizoandikwa. Ukurasa mmoja unatosha na usipokuwepo omba uandikwe kabla hujatoa pesa: mota ipi, tairi ipi, betri ya seli ngapi, pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno mangapi. Tairi ya aina moja kwa wote ndiyo sheria yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu tairi ndiyo njia rahisi ya mwenye pesa kumwacha asiye nazo. Pale wanapotumia mota zisizo na kaboni, uliza idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota: 21.5 ni ya upole, 17.5 ina kasi zaidi, 13.5 waachie wenye uwanja mkubwa. Namba ikipungua, mwendo unapanda.

Hakuna kikundi karibu nawe? Watu wanne wanatosha kukianzisha, mradi mkubaliane gari moja kabla yeyote hajanunua. Anzeni na mwenye uwanja: mwalimu mkuu kama ni skuli, kisha sheha wa shehia hiyo, kwa barua fupi inayosema siku, saa na kwamba gari ni za umeme. Mkishakuwa na watu, katiba na ratiba, klabu ya michezo Zanzibar husajiliwa kupitia kwa Mrajis wa vyama na klabu za michezo. Kwa Ramadhani hamisheni resi baada ya Tarawehe ndani ya ukumbi kwa gari ndogo, au pumzikeni.

Gari ipi

Kwa uwanja wa kikapu, daraja linalotuelekea zaidi ni gari fupi za 1/10, zile zenye umbo la Mini na gari nyengine ndogo. Chasisi za Tamiya M-05 na M-07 huvutwa na magurudumu ya mbele, M-06 na M-08 husukumwa na ya nyuma. Anza na ya mbele. Ukizidisha mwendo kwenye kona inakataa kukata na kwenda mbele kidogo, ukiachia inarudi. Ya nyuma, kwenye saruji yenye vumbi, inatupa mkia na kugeuka, na mtu mpya atatumia jioni nzima akitazama nyuma alikotoka. Umbali kati ya ekseli hupangwa kuwa milimita 210, 225 au 239 kulingana na bodi. Agiza bodi inayolingana na urefu uliojenga, la sivyo magurudumu hayatakaa kwenye matundu yake.

Penye lami pana zaidi, gari ya 1/10 ya magurudumu manne yanayoendesha, upana wa milimita 190, ndiyo ya kawaida. Tamiya TT-02 ndiyo mlango wa wengi kwa sababu plastiki yake inavumilia na spea zake zinapatikana kila duka la mtandaoni. Lakini ijue inavyokuja. Boksi la kawaida lina bushi za plastiki badala ya beringi, na shokamzoba zisizo na oili. Beringi ndiyo ununuzi wa kwanza, kabla hata ya kuijenga, maana kuzibadilisha baadaye ni kuifungua yote. Nyingi ni za milimita 5 kwa 11 kwa 4. Hesabu kwenye kitabu cha gari yako, usinunue kwa kukisia. Shokamzoba za oili ni ununuzi wa pili.

WLtoys 144001 ya 1/14 inaonekana sana kwa sababu bei yake iko chini na inakuja tayari, pamoja na betri ya volti 7.4 ya 1500 mAh. Chasisi yake ni ya chuma na inakimbia. Kwa kujifunzia kwenye uwanja wa wazi ni sawa. Kwa resi ya uwanja wa kikapu ina kasi kupita kiasi, na watu wakiwa nazo wanne basi wekeni sheria ya kupunguza mwendo kwenye rimoti mpaka nusu.

Kwa vumbi na nyasi, gari za mizigo za mtindo wa Slash ya magurudumu mawili ya nyuma. Bodi yake pana inakinga magurudumu, kwa hiyo gari mbili zikigusana ubavuni hazishikani wala kupandana. Ndiyo maana zinafaa wanaoanza.

Ukinunua ya mkononi, iliyokwisha tumika

Iinue, zuia gia kubwa inayoshikana na mota isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja linaloendeshwa na mota. Difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti) ikiwa nzuri inageuka laini, na upande wa pili unajibu kinyume. Ukisikia mchanga unasagwa, difu inataka kufunguliwa. Vuta kila gurudumu nje na ndani: mtikisiko mdogo ni kawaida, wa milimita mbili ni beringi au kigingi kimekwisha. Toa magurudumu, laza chasisi juu ya kioo cha dirisha, bonyeza pembe moja moja. Ikitikisika kama meza mbovu, imepinda.

Washa rimoti kwanza, kisha gari. Geuza usukani mara kumi kulia na kushoto, uachie: magurudumu yarudi katikati pale pale kila mara. Yasiporudi, sevo imekula meno au kiokoa sevo, kipande kinachoikinga na mishtuko, kimelegea. Ukinunua sevo mpya kumbuka kwamba meno ya shafti hayafanani: Futaba ni 25, Hitec ni 24, Sanwa na KO ni 23. Pembe ya sevo (kimkono kinachofungwa kwenye shafti) ya meno 25 ikilazimishwa kwenye shafti ya 23 itaonekana imekaa, na itaruka kwenye kona ya pili.

Tembea nayo mita 30 mtu mwengine akishika rimoti, kisha azime rimoti gari ikiwa imeinuliwa. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, kinga ya kupotea kwa mawimbi haijapangwa, na gari hiyo siku moja itavuka barabara. Rimoti iwe ya 2.4 GHz, za zamani za 27 MHz hugongana masafa, gari yako ikaitika rimoti ya jirani.

Betri iliyovimba usiichukue hata bure.

Betri, chaja na njia ya kuvuka

Betri ya litiamu polima ya seli mbili ni volti 7.4 kwa jina, 8.4 ikijaa. Seli moja ikijaa ni volti 4.20, ikihifadhiwa iwe 3.80 hadi 3.85, na isishuke chini ya 3.0 hata mara moja. Panga kidhibiti mwendo kikate kwenye 3.2 kwa seli. Chaji kwa kiwango kinacholingana na ujazo: 4000 mAh kwa ampia 4, 5000 kwa ampia 5. Plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha iunganishwe kila unapochaji, si mara moja kwa mwezi. Chaja za mtindo wa iMAX B6 zinafanya yote haya, nyingi zinaishia ampia 5, na zinapokea volti 12 kutoka betri ya gari ya barabarani.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua jioni yenu, maana skuli nyingi hazina soketi karibu na uwanja, na umeme nao una siku zake. Betri ya gari ya ampia-saa 45 ina kama wati-saa 540. Itumie nusu tu usiiharibu, yaani 270. Kuijaza betri moja ya 5000 mAh, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama 45. Kwa hiyo ina uwezo wa chaji sita. Mwenye mota ya kawaida na betri ya 4000 mAh anamaliza mbio tatu za dakika tano bila kuchaji, hivyo betri mbili kwa mtu zinamaliza mbio sita za jioni bila chaja kabisa. Nunua betri ya pili kabla ya kununua mota ya pili.

Chajia juu ya saruji au kigae, ndoo ya mchanga pembeni, na mtu awepo. Betri isiachwe ndani ya gari ya barabarani iliyofungwa wala kwenye boksi la vespa lililosimama juani. Joto la humo peke yake linaivimbisha. Ukisafiri kwa ndege kutoka Dar au kwenda Pemba, betri za akiba hupakiwa kwenye mzigo wa mkononi, si ule wa chini, na ncha zake za umeme zifunikwe kwa utepe. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Ya volti 7.4 na 5000 mAh ni 37, hivyo haina tatizo. Kwenye boti kaa nayo pia.

Siku ya kwanza ya kuifunga

Mota mpya yenye kaboni iendeshe bila mzigo kwa betri mbili za AA, dakika tatu au nne, kaboni zikae. Pinioni na gia kubwa ziachane kwa upana wa karatasi: weka ukanda wa karatasi ya daftari katikati, bana mota, kaza, zungusha utoe karatasi. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kukatika, ndiyo. Ikitoka imetoboka umebana mno, na mota itachemka. Gari nyengine hazina nafasi ya kusogeza, zina matundu yenye namba ya meno, fuata namba. Skrubu ndogo ya pinioni ikae kwenye ubapa wa shafti, na tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee. Ikilegea, utasikia mota inalia na gari haiendi, na meno ya gia kubwa yamekwisha kabla hujafika jukwaani.

Uwiano wa gia hesabu mwenyewe. TT-02 ina gia kubwa ya meno 70, pinioni ya 22, na uwiano wa gia za ndani ni 2.6. Gawa 70 kwa 22, zidisha 2.6, unapata 8.27: mota inazunguka mara 8.27 gurudumu likizunguka mara moja. Tairi la kipenyo cha milimita 62 lina mzingo wa milimita 195, kwa hiyo gari inasogea milimita 23.5 kwa kila mzunguko wa mota. Ukiweka pinioni ya 25 uwiano unakuwa 7.28 na gari inasogea 26.8. Kwenye uwanja wa kikapu hutaiona faida hiyo, kwa sababu njia inakwisha kabla mota haijafika juu. Utakachokiona ni mota kuchemka. Baada ya mbio gusa kopo la mota. Ukishindwa kuweka kidole kwa sekunde tatu, rudi chini meno mawili. Joto likizidi kila jioni, sumaku zinadhoofika na mota haitarudi ilivyokuwa.

Magurudumu yalale kwa ndani digrii moja hadi mbili kwa juu. Oili ya shokamzoba ya kati, 300 hadi 400, inatosha. Tairi chagua mchanganyiko mgumu zaidi, kwa sababu zile laini za nchi za baridi zinayeyuka kwenye saruji ya saa kumi jioni ya kaskazi. Tairi zigundishwe kwenye rimu kwa gundi kali pande zote mbili. Isiyogundishwa inavuka rimu kwenye kona na gari inapinduka.

Mchanga na chumvi

Mchanga wetu mweupe ni matumbawe yaliyosagika, mkavu na wenye ncha, nao huingia kila mahali penye grisi. Kwa hiyo gia za nje usizipake grisi kabisa, ziache kavu. Grisi ni ya difu iliyofungwa ndani tu. Baada ya kila jioni piga brashi ya rangi ya inchi moja, ukianzia juu kwenda chini, kisha zungusha kila gurudumu sikio likiwa karibu. Beringi inayolia itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, itie tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Ikitiririka inavuta vumbi.

Iliyoguswa na maji ya bahari haingoji kesho. Toa betri, toa mota na vifaa vya umeme visivyokingwa, osha kilichobaki kwa maji baridi ya bomba, kausha kivulini, paka mafuta mepesi kwenye skrubu na ekseli. Skrubu za chasisi zifungue na kuzikaza tena angalau mara moja kwa mwezi hata kama hukwenda pwani, kwa sababu hewa ya kisiwani peke yake inazishika, na bisibisi ya pembe sita inayoteleza kwenye kichwa kilichopata kutu inaharibu skrubu na mkono pamoja. Nunua bisibisi nzuri za milimita 1.5, 2 na 2.5; za Tamiya zinataka za msalaba, namba 2.

Masika yakianza, shusha betri zote mpaka 3.85 kwa seli, ziweke ndani ya sufuria kuu kuu au bati lenye tundu, mbali na mapazia, uzipime mara moja kwa mwezi. Seli mbili za betri moja zikiachana kwa zaidi ya 0.1 huku imekaa bila kutumika, usiirudishe uwanjani masika yakipita.